Mguu kwenye Karatasi

Gereza la Wanawake, Nakuru
Jumapili, 2 Juni 2024

Nerima mdogo wangu,

Baridi imeingia. Leo asubuhi tulipotoka kuhesabiwa, pumzi zetu zilikuwa zinatoka kama moshi wa jikoni. Kama huku ni hivi, huko Karagita na upepo wa ziwa la Naivasha mnaishi aje?

Joyline wa kanisa amekubali kukubebea mfuko huu. Ndani kuna sweta mbili nilizofuma na uzi wanaotuletea. Ya zambarau ni ya Celestine, nimeacha mikono mirefu akunje kwa sasa. Ile ya kahawia yenye mstari wa manjano kifuani ni ya Wanyonyi. Nimekisia tu. Siku nilipomwacha alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, kichwa chake kinanifika kwa paja. Sasa ana miaka miwili na nusu na sijui anafika wapi. Nilimwomba afande mmoja mwenye mtoto wa umri huo anionyeshe kwa mkono. Ikimbana niambie ukweli, nitafumua nianze tena.

Sasa wewe, na usicheke. Najua unaamka saa kumi na nusu, unavalisha watoto watatu, wangu wawili na Gedion wako, halafu unavaa chochote kilicho karibu na mlango. Niliuza makoti ya mtumba miaka sita na niliona wamama wa aina yako kila siku: mtoto amefungwa vizuri mpaka masikio, mama mwenyewe anatetemeka ndani ya leso. Vaa hivi. Taiti nyeusi ndani ya sketi, ile nzito, si ile ya kung'aa. Fulana ya kubana mwili kwanza, halafu shati, ndipo sweta, kwa sababu joto linakaa katikati ya nguo na nguo. Soksi mbili ndani ya gambuti. Halafu uchukue ile skafu yangu nyekundu iliyo kwa sanduku, uizungushe mara mbili, ncha uziingize ndani. Hata dastikoti ya kazi itaonekana kama umeichagua. Usiruhusu baridi ikufanye uonekane kama mtu aliyeshindwa.

Mei hukuja. Sikulaumu, najua Jumamosi mnafanya kazi. Simu ya hapa ni foleni na dakika chache, ndiyo maana napenda karatasi. Niandikie mambo madogo. Wanyonyi anasema nini siku hizi? Waliniambia ningeweza kuingia naye kwa sababu alikuwa mdogo, na mimi nikakataa, sikutaka ajifunze kuongea ndani ya ukuta. Wewe ukaniambia, "Niachie mimi." Hilo sijasahau hata siku moja.

Dada yako,
Nasimiyu


Karagita
Jumapili, 16 Juni 2024

Dada Nasimiyu,

Tumepokea. Celestine hajavua yake tangu Joyline aifungue, hata kwa kitanda anataka kuingia nayo.

Ya Wanyonyi inamtosha, imebaki nafasi kidogo kwa tumbo. Unajua anafanya nini na ule mstari wa manjano? Anachukua kifuniko cha soda anakiendesha juu yake, kutoka kwapa hii mpaka ile, anafanya "vuuu" na mdomo. Ukimuuliza anaenda wapi anasema "Nakuu". Gedion amemfundisha kwamba mama yuko Nakuru. Maneno mengine ni "chai", "hapana" na "Oko", huyo ni Ooko, mtoto wa Adero jirani yangu, mahali nawaachia nikienda kazi. "Hapana" ndiyo anapenda zaidi, hasa wakati wa kuvaa soksi.

Kuhusu mimi, nimecheka. Jumatano nilifika kazini sweta nimeivaa ndani-nje, na hakuna aliyeniambia mpaka saa nne. Lakini Ijumaa nilivaa ulivyosema, taiti, fulana, skafu. Supavaiza akasema, "Nerima, leo unaenda ofisi gani?" Nikajibu, "Ya maua." Wenzangu wakacheka. Ilibidi niivue skafu mlangoni, hairuhusiwi ndani tunakochagua maua, lakini hizo dakika za kutoka nyumbani mpaka geti nilijiona mtu.

Wanyonyi ana kikohozi kidogo, ni hii hali ya hewa, usiwe na wasiwasi. Baba Gedion bado yuko Ndabibi kwa shamba la watu, anakuja mwisho wa mwezi, akikuja. Saa zingine naamka nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala. Lakini tuko sawa.

Mdogo wako,
Nerima


Gereza la Wanawake, Nakuru
Jumapili, 30 Juni 2024

Nerima,

Hiyo habari ya kifuniko cha soda nimewasomea wote. Kuna mama mmoja wa Molo, Chemutai, hana mtu wa kumwandikia, aliniomba nirudie mara tatu. Sasa tukipanga foleni ya uji ananiuliza, "Dereva wetu amefika wapi?"

Kikohozi kifunge kwa kifua, si kwa shingo. Chukua kitambaa cha flaneli, hata nepi yake ya zamani, ukiweke ndani ya fulana akienda kwa Adero. Na yeye asikae karibu na jiko.

Nina ombi. Nimepata uzi mzuri wa bluu, mabaki, hautoshi sweta lakini unatosha soksi. Mwekee mguu juu ya karatasi uuchore na kalamu, utume. Mguu mmoja tu unatosha. Za kupima kwa mkono wa afande zimenitosha, nataka wake mwenyewe.

Umenifurahisha na ile skafu. Endelea kuivaa hata kama ni ya kutoka nyumbani mpaka geti. Mimi hapa tumefanana wote, na hilo linanimaliza polepole kuliko baridi yenyewe. Najua ni ujinga. Nikiwa nje nilivaa lile koti refu la haradali nikitembea Kiamunyi kila Jumapili, na ni kwa sababu ya mapenzi hayo ya makoti nilinunua mzigo ule kwa yule mtu bila kumuuliza aliutoa wapi. Hakimu aliuliza kama sikushangaa. Nilishangaa, Nerima. Niliyaona makoti yalivyo mazuri nikaacha kushangaa.

Chora mguu.

Nasimiyu


Karagita
Jumapili, 14 Julai 2024

Dada,

Mguu huo hapo. Samahani kalamu ilitingishika, ameshinda akicheka.

Wote ni wazima. Kikohozi kiliisha. Sweta bado inamkaa vizuri, watu wanaisifu. Amejifunza maneno mengi, siwezi kuandika yote.

Kazi imekuwa mingi, nitaandika ndefu siku nyingine.

Nerima


Gereza la Wanawake, Nakuru
Jumapili, 28 Julai 2024

Mdogo wangu,

Nerima, ule mguu. Mtoto amekua namna hii? Niliweka kiganja changu juu yake na haukufichika wote. Chemutai alisema huyu atakuwa polisi. Nimekaa nikiuangalia mpaka mistari ya kalamu naijua yote, pale kwa kidole kidogo ulipoinua mkono, pale kwa kisigino alipotingishika. Nikifunga macho naweza kusikia akicheka.

Soksi zimeisha. Nimeziwekea mstari mweupe juu, ukimvalisha na kaptura zionekane. Mtoto wa mfungwa ndiye anapaswa kuvaa vizuri kuliko wote, ili mtu akitaka kusema kitu aanze kwanza kwa kumwangalia.

Jumamosi tarehe 10 Agosti kuna siku ya familia. Watoto wanaruhusiwa kuingia uwanjani, tutakaa nao kwa nyasi, si ile ya kuongea kupitia wavu. Joyline anasema kanisa lina gari litakalotoka Naivasha asubuhi. Omba ruhusa mapema. Barua yako ilikuwa fupi na najua umechoka, lakini hii moja nisaidie.

Mwambie Celestine amfundishe kusema "Nasimiyu". "Mama" najua anakuita wewe na sioni ubaya, umestahili. Nataka tu akifika pale awe na jina la kuniita.

Nasimiyu


Karagita
Jumapili, 4 Agosti 2024

Kwa mama,

Mwalimu alisema barua ianze kwa kuuliza hali. Hali yako iko aje? Mimi niko sawa. Shule zimefungwa. Nilikuwa namba saba.

Mama, siwezi kufundisha Wanyonyi kusema jina lako kwa sababu hayuko. Alienda na kukhu, nyanya yake, kwa gari, nilikuwa shule. Nilirudi nikapata hayuko. Aunty alisema ataenda siku chache. Nilihesabu siku, nikafika arobaini na moja leo.

Ule mguu ni wa Ooko. Aunty alituambia mimi na Gedion tusiseme kwa sababu wewe utaumwa na roho na huko hakuna mtu wa kukushika. Lakini uliandika tukuje na yeye, nikaona utangoja.

Aunty hajui naandika. Ninampa Joyline hapa kanisani. Aunty analia akiosha vyombo. Mimi nambeba Gedion anapochoka.

Usiumwe na roho.

Mtoto wako,
Celestine


Gereza la Wanawake, Nakuru
Jumapili, 11 Agosti 2024

Nerima,

Jana nilikaa kwa nyasi tangu saa tatu. Gari la kanisa lilikuja bila nyinyi. Joyline alinipa barua ya Celestine na hakuweza kuniangalia.

Mtoto wangu yuko wapi?

Nasimiyu


Karagita
Jumapili, 18 Agosti 2024

Dada,

Nimeanza barua hii mara nne. Joyline amesema hatoki hapa bila karatasi, kwa hivyo naandika yeye akiwa amekaa kwa kitanda na Gedion.

Hakuna aliyemwiba Wanyonyi. Mimi ndiye niliwapigia simu.

Kikohozi nilichokuambia ni kidogo hakikuwa kidogo. Wiki hiyo walinihamisha kutoka kuchagua maua wakaniweka chumba cha baridi, mahali maua yanangoja lori. Ni kama kusimama ndani ya friji masaa nane. Mavazi yako yote nilivaa, moja juu ya nyingine, na bado nikitoka mikono hainitii. Nikifika nyumbani nikimbeba Wanyonyi ananisukuma analia, kwa sababu mikono yangu ilikuwa barafu. Alhamisi Adero akanipigia nikiwa kazini. Mtoto akipumua, mbavu zilikuwa zinaingia ndani. Tulikaa hospitali mpaka Jumamosi. Daktari akasema ni nimonia, amepona kidogo lakini asikae mahali penye baridi na moshi. Nikamwangalia. Chumba changu ni cha mabati na jiko langu ni la makaa. Nikamwambia sawa.

Supavaiza akanitumia ujumbe: nikikosa siku nyingine nisirudi.

Nikampigia mama Khaemba. Nikamwambia, "Mama, mchukue mjukuu wako mpaka baridi iishe."

Akauliza, "Mama yake anajua?"

Nikasema anajua.

Alikuja Jumatatu tarehe ishirini na nne Juni, na hakuwa peke yake. Khaemba alikuwa ndani ya gari. Sijamwona huyo mtu tangu akuache na mimba ya Wanyonyi. Hakushuka hata kunisalimia, aliteremsha kioo tu. Hapo ndipo ningesema hapana. Lakini nilikuwa nimeshavaa gambuti, nimechelewa kazi, na mama yake alikuwa amembeba Wanyonyi tayari, akimwambia, "Twende tuone ng'ombe." Sweta yako ilikuwa imeanikwa, haijakauka. Aliondoka na koti la Gedion. Hakulia. Alifurahia gari.

Sasa wacha niseme na hili, kwa sababu nimeshasema mengine. Jioni hiyo niliwavua nguo watoto wawili tu. Halafu nikakaa chini nikanywa chai ikiwa moto mpaka mwisho wa kikombe. Tangu umwache kwangu sikuwa nimemaliza kikombe kikiwa na moto. Nilipumua, dada. Nilifurahi. Nilikaa pale na furaha hiyo na nikajua nimekufanyia nini.

Baada ya wiki mbili nikapiga simu niongee naye. Mama Khaemba akasema Khaemba ameshamchukua, yeye na mke wake mpya, wako upande wa Uganda, mahali hajui. Namba ya Khaemba haipatikani. Nilienda kwa chifu. Nilienda kwa ofisi ya watoto. Walinisikiza vizuri, hawakunidharau. Waliniambia mtoto akiwa na baba yake hajapotea. Halafu wakauliza, "Nani alimpeana?"

Barua yako ya mguu ilikuja siku nilizokuwa nazunguka hizo ofisi. Nilichukua kalamu nikuandikie ukweli. Ooko alikuwa amekaa kwa mlango wangu, hana viatu. Nikamwita. Alicheka kwa sababu kalamu ilimtekenya. Hicho peke yake ndicho nilichokuandikia bila uongo.

Celestine nilimchapa kwa barua ile. Halafu nikamwomba msamaha na akanijibu "ni sawa aunty" kama mtu mzima. Tangu siku hiyo anavaa nguo zake zote. Zote. Rinda mbili, sketi ya shule, ile sweta, koti, hata jua likiwa limewaka. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Wakikuja kunichukua nisiache kitu."

Sina kingine. Niandikie hata kama ni matusi.

Nerima


Gereza la Wanawake, Nakuru
Jumapili, 15 Septemba 2024

Nerima,

Nimekaa na barua yako wiki nne. Mwanzoni nilikuwa na maneno ambayo afande anayesoma barua zetu hangeyaruhusu yatoke. Niliyaandika, nikayachana, nikayaandika tena. Chemutai alininyang'anya kalamu, akakaa nayo siku tatu.

Nilimwandikia mama Khaemba kupitia pasta wao. Alijibu mistari minne kwa mkono wa mtu mwingine. Anasema mtoto ni mzima na amenenepa. Anasema yuko na baba yake na mama yake. Ameandika hivyo, na mama yake, na sidhani hata alikusudia ubaya. Anasema tusimsumbue kwa sababu ameanza kuzoea.

Afisa wa ustawi hapa ameniambia nikitoka naweza kwenda mahakamani. Kutoka ni miezi kumi na moja. Atakuwa na miaka mitatu na miezi minane. Atakuwa na nyumba, na lugha ya huko, na mwanamke anayejua akiamka anataka nini. Mimi nitafika na karatasi za mahakama, mtu asiyemjua, nimetoka jela. Nimejaribu kuiona siku hiyo ikiwa nzuri na sijaweza. Kila nikiiwaza, yeye ndiye analia, na mimi ndiye ninayemliza.

Nimejiuliza kama ningekuwa wewe ningefanya nini. Sikutaka kujiuliza, lakini hapa muda ni mwingi. Kila mara najiona nimesimama kwa mlango wako na gambuti miguuni, nimechelewa. Na ile saa ya kuteremsha kioo sijawahi kujisikia nikisema hapana. Nilikataa kuingia naye hapa wakati ruhusa ilikuwepo. Nilikurundikia watoto wawili juu ya mmoja, halafu nikakutumia barua za kukufundisha kufunga skafu. Najua yote hayo.

Lakini kukuelewa si kukusamehe, Nerima. Ulimwambia yule mama kwamba mimi najua. Ulinipa mguu wa mtoto wa watu nikaulalia mwezi mzima. Hilo sioni litaenda wapi. Sitakudanganya kwamba linaisha, na wewe usinidanganye tena kwa jambo lolote, hata dogo, hata la kunifurahisha.

Celestine. Usimchape tena kwa kusema ukweli. Usimlazimishe avue hizo nguo pia, mwache avae mpaka achoke mwenyewe. Mwambie ni mimi niliuliza, yeye alinijibu tu, hakuvunja kitu.

Mlete hapa Jumamosi tarehe 28. Sitakusalimia vizuri, ujue hivyo kabla hujapanda gari. Nitaongea na yeye, na wewe utakaa kwa benchi hapo karibu. Lakini usimtume na Joyline. Mlete wewe mwenyewe, ungoje mpaka saa ya kuondoka, halafu umrudishe nyumbani. Anahitaji kuona mtu akimpeleka mahali na kumrudisha.

Nasimiyu